Quad9 msimu wa korosho: inachozuia na kinachopita pembeni

Oktoba minada ya korosho ikishafunguliwa, pesa huanza kuingia kwenye akaunti za wakulima wa Newala, Tandahimba, Masasi na Nachingwea, na simu huanza kuingia ujumbe wa aina hii: "Malipo yako ya awamu ya pili yamekwama, hakiki akaunti hapa." Chini kuna linki. Anayebonyeza hukuta ukurasa wenye rangi za benki yake, anajaza namba ya kadi na namba ya siri, na jasho la palizi, la kupulizia salfa na la kuokota linakwenda kwa mtu asiyewahi kushika bibo. Quad9 ni huduma ya bure inayoukata mnyororo huo katikati, yaani baada ya kidole kubonyeza na kabla ukurasa haujafunguka. Inafanya hivyo vizuri. Ila sehemu kubwa ya utapeli wa huku kusini haipiti kwenye mlango inaoulinda, na anayeiweka inabidi alijue hilo mapema.

Simu haiifahamu tovuti kwa jina. Ukiandika jina, simu huuliza kwanza seva ya DNS, "huyu anakaa wapi?", kisha hujibiwa kwa namba na kwenda. Ni kama mgeni anayeshuka stendi ya Mkanaledi akamuuliza bodaboda njia ya Chikongola. Kwa kawaida anayejibu ni seva ya kampuni ya laini yako, na hujibu kila anachoulizwa. Quad9 ni bodaboda mwenye orodha ya nyumba za wezi: ukiitaja mojawapo, anakwambia nyumba hiyo haipo. Orodha hiyo hukusanywa kutoka kwa taasisi mbalimbali zinazofuatilia tovuti za kuiba taarifa na za kusambaza virusi, na hubadilishwa kila mara. Huduma ilianza Novemba 2017 kwa ushirikiano wa IBM, Packet Clearing House na Global Cyber Alliance. Mwaka 2021 makao yake yalihamia Uswisi. Si kampuni ya biashara, haikutaki ujisajili, haina programu ya lazima ya kupakua, na haiwekei kumbukumbu anwani ya mtandao ya mtumiaji.

Kuiweka kwenye Android ni kazi ya dakika mbili, mradi simu iwe ya Android 9 au mpya zaidi. Fungua mipangilio, na badala ya kuhangaika na menyu ambazo kila kampuni huzipanga kivyake, andika "DNS" kwenye kisanduku cha kutafutia kilicho juu. Itatokea Private DNS, au DNS ya Faragha kama simu inasoma Kiswahili. Kwenye Samsung iko ndani ya Connections, halafu More connection settings. Kwenye Tecno, Infinix na itel njia hutofautiana kati ya toleo na toleo, ndiyo maana kutafuta kwa neno ni haraka zaidi. Utakuta machaguo matatu: kuzima, otomatiki, na la tatu la kuandika jina la mtoa huduma. Chagua la tatu, andika dns.quad9.net kwa herufi ndogo, kisha hifadhi.

Makosa yanayojirudia hapo ni machache. La kwanza ni kuandika 9.9.9.9. Hiyo ndiyo namba yenyewe ya Quad9, ila sehemu hii ya Android inapokea jina tu, kwa hiyo kitufe cha kuhifadhi kitabaki kimefifia. La pili ni kutanguliza https://, na la tatu ni nafasi tupu inayobaki mwishoni baada ya kunakili jina kutoka WhatsApp. Halafu kuna kosa linalowachanganya hata mafundi wa simu: tarehe. Simu iliyozima betri siku kadhaa na kuwaka ikiwa na tarehe ya miaka ya nyuma itakataa cheti cha Quad9 (hati ya kidijitali inayoithibitisha seva), itaandika kwamba seva ya Private DNS haipatikani, na intaneti yote itakufa hata kama bando lipo. Rekebisha tarehe kwanza kabla ya kumlaumu mtu.

Na wengi huacha kwenye otomatiki wakidhani wameshajilinda. Otomatiki hutumia seva ileile ya mtandao wako, haichuji chochote cha Quad9.

Ili kujua kama imeshika, fungua on.quad9.net kwenye kivinjari. Itajibu ndiyo au hapana. Kisha jaribu isitblocked.org, jina lililotengwa kwa ajili ya majaribio. Isipofunguka, umefanikiwa. Hapa ndipo penye dosari ya kwanza ya kweli ya huduma hii: tovuti ikizuiwa, Quad9 haitoi maelezo. Hakuna ukurasa mwekundu wa kukuonya. Chrome itasema tu kwamba tovuti haipatikani, na chini itaandika DNS_PROBE_FINISHED_NXDOMAIN. Mzee asiyelijua hilo ataona mtandao ni mbovu, atampa kijana simu, na kijana ataizima Quad9 ili "ifunguke". Kabla ya kuzima, ingia quad9.net na uandike jina la tovuti hiyo kwenye kisanduku cha kuulizia kama limezuiwa. Likiwa limezuiwa, liache. Mara chache tovuti safi hunaswa kwa makosa, hasa ile iliyodukuliwa bila mwenyewe kujua, nako vilevile kusubiri kuna heri.

Kwenye gesti na hoteli zenye Wi-Fi ya kuingia kwa namba ya vocha, unaweza kukwama. Ukurasa wa kuingilia huenda usitokee kwa sababu simu inasubiri jibu la Quad9 na Wi-Fi haijakuruhusu kutoka nje. Ikitokea hivyo, rudisha kwenye otomatiki, ingia, kisha irudishe Quad9. Baadhi ya mitandao ya ofisi pia hufunga mlango namba 853 unaotumiwa na Private DNS, na huko hakuna namna isipokuwa kutumia bando lako.

Sasa jambo ambalo watu wa kusini wanahitaji kuliangalia kuliko yote hayo: Opera Mini. Imejaa kwenye simu za bei nafuu kwa sababu inabana bando, na kwa kijiji ambacho mtandao wake ni wa kubahatisha ni chaguo lenye akili. Lakini inapokuwa kwenye ubanaji wa juu kabisa, si simu yako inayokwenda kwenye tovuti. Seva za Opera ndizo zinazoichukua, zinaikandamiza na kukuletea, na zinapoulizia jina zinatumia DNS yao. Quad9 uliyoiweka haiulizwi kabisa. Vivyo hivyo VPN nyingi, yaani programu zinazopitisha intaneti yako kwenye seva nyingine, huja na DNS zake, na Chrome yenyewe ina kipengele cha DNS salama ambacho kikielekezwa kwa mtoa huduma mwingine kitaipita ya simu. Kwa mambo ya benki, NIDA na maombi ya kazi, tumia Chrome. Opera Mini ibaki kwa habari na matokeo ya mpira.

Kwa wenye steshenari, ambako wanafunzi hujaza maombi ya mkopo wa HESLB na wahitimu huomba kazi Ajira Portal, Quad9 ina thamani zaidi kuliko kwa mtu mmoja, kwa kuwa kompyuta moja hupitiwa na taarifa za watu wengi kwa siku. Hapo huwekwa kwenye ruta, sehemu ya DHCP inayovigawia vifaa mipangilio ya mtandao, na hapo ndipo namba zinapotumika: 9.9.9.9 ya kwanza, 149.112.112.112 ya pili. Angalizo ni hili: fundi asikujazie 8.8.8.8 kwenye nafasi ya pili "kama akiba". Seva hiyo ya Google haichuji, na vifaa havina ahadi ya kuiuliza ya kwanza kila mara. Vitauliza yoyote, na kilichozuiwa huku kitapita kule. Epuka pia 9.9.9.10, ambayo ni ya Quad9 lakini imetengenezwa makusudi bila kichujio. Kama ruta yako ya laini ya simu haina nafasi ya kubadilisha DNS, na baadhi hazina, weka kwenye kompyuta yenyewe. Windows 11 ina kipengele hicho kwenye Properties za Wi-Fi au za waya: hariri DNS, chagua kuweka kwa mkono, washa IPv4, jaza namba zote mbili.

Washindani wapo. Cloudflare ina security.cloudflare-dns.com, ambayo nayo huzuia tovuti za virusi na za kuiba taarifa, na huwekwa kwa njia ileile. Dns.adguard-dns.com huongeza kuzuia matangazo, jambo linalopunguza vile vitufe bandia vya "pakua" kwenye tovuti za filamu, lakini mara nyingine huharibu programu zinazotegemea matangazo. Quad9 haizuii matangazo wala picha chafu, kwa hiyo mzazi anayeitafuta kwa sababu ya watoto ameshika kifaa kisicho chake. Kwa kazi moja ya kuzuia tovuti za wizi, tungeanza na Quad9. Isipopatikana vizuri kwenye mtandao wako na kurasa zikachelewa kuanza kufunguka, jaribu ya Cloudflare.

Tuje kwenye kinachopita pembeni.

DNS huona jina la tovuti tu, haioni ukurasa. Tapeli akitengeneza fomu ya "ajira za mradi wa gesi" kwenye Google Forms, jina linaloulizwa ni docs.google.com, na hakuna mtu atakayeizuia Google nzima kwa fomu moja. Kundi la Telegram la "wekeza 50,000 uvune 90,000", ukurasa wa Facebook unaouza pikipiki kwa nusu bei, namba ya WhatsApp yenye picha ya mkuu wa shule: vyote vinakaa kwenye majina safi. Tovuti mpya nayo ina saa zake za kwanza za uhuru, kwa sababu haijaripotiwa bado na yeyote. Matapeli wanalijua hilo, ndiyo maana hununua majina kwa bei chee, huyatumia siku chache na kuyatupa.

Programu za mikopo ni mfano mwingine. Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitoa orodha ya programu 69 za mikopo ya kidijitali zilizokuwa zikifanya kazi bila leseni. Programu ya namna hiyo inaweza isiwe na kirusi hata kimoja. Inachofanya ni kuomba ruhusa ya kusoma majina kwenye simu yako, kisha ukichelewa kulipa inawatumia ndugu na majirani ujumbe wa kukuaibisha. Kwa Quad9 hiyo ni seva ya kawaida. Kinga yake ni kuangalia orodha ya BoT na kukataa ruhusa ya majina na ujumbe.

Kuna na faili za APK, yaani za kusakinisha programu kwenye Android, zinazotumwa WhatsApp zikiitwa kadi ya mwaliko wa harusi, risiti au "fomu ya ruzuku". Quad9 inaweza kuizuia programu hiyo isiwasiliane na bwana wake, kama seva yake inajulikana. Kuingia kwenye simu haiizuii. Zima ruhusa ya WhatsApp kusakinisha programu zisizojulikana, na programu yoyote ikiomba kusoma SMS au huduma za ufikivu bila sababu unayoielewa, iondoe. Ruhusa ya SMS ndiyo inayompa mwizi namba za uthibitisho za benki.

Ndiyo sababu Quad9 haitoshi bila jicho linalosoma anwani, na huko ndiko wengi wanapolizwa. Soma kutoka mkwaju wa kwanza wa pekee (si ile miwili ya https://) kurudi kushoto. Kwenye portal.ajira.go.tz/maombi, mwenye nyumba ni ajira.go.tz. Kwenye mfano wa kubuni ajira.go.tz.maombi-leo.top/fomu, mwenye nyumba ni maombi-leo.top, na hayo maneno ya ajira.go.tz yaliyotangulia ni kanga ya kuazima. Jina linaloishia .go.tz hupewa taasisi za serikali pekee. La .co.tz anaweza kulinunua mfanyabiashara yeyote, na la .com mtu yeyote duniani. Kwa hiyo "NIDA" iliyo kwenye .com, au "TRA" iliyo kwenye .online, haihitaji uchunguzi zaidi. Kile kialama cha kufuli kisikutulize: kinathibitisha kwamba mazungumzo kati yako na tovuti yamefichwa, hakithibitishi unazungumza na nani. Vyeti vyake hutolewa bure, hata tapeli hupata chake kwa dakika. Chrome yenyewe iliiondoa picha hiyo ya kufuli mwaka 2023 kwa kuwa watu walikuwa wakiielewa vibaya.

Linki ikikutia shaka, usiifungue. Ibonyeze kwa muda kwenye WhatsApp, inakili, kaibandike virustotal.com sehemu ya URL. VirusTotal, iliyo chini ya Google tangu 2012, huiuliza anwani hiyo kwa mifumo zaidi ya 70 ya usalama. Watu huangalia ile namba ya juu tu, wakiona sifuri wanashangilia. Sifuri kwa tovuti ya jana haina maana. Fungua sehemu ya Details: kama linki ilifupishwa, hapo utaona inapoishia kweli. Kisha ingia lookup.icann.org uandike jina kuu la tovuti ya .com au .top uone tarehe ya kusajiliwa. Duka linalodai lina miaka kumi mjini Mtwara na jina lake limesajiliwa wiki tatu zilizopita limeshajibu swali lako. Usipakie VirusTotal kitambulisho, mkataba wala taarifa ya benki, kwa sababu faili zinazopakiwa huko husomwa na wateja wao wengine.

Kwa mkulima mwenyewe kuna kipimo kifupi kuliko vyote hivyo. Malipo ya korosho na ufuta hupitia chama cha msingi na kuingia benki. Hakuna hatua inayodai namba ya siri ijazwe kwenye linki. Swali la malipo lipelekwe kwenye chama hicho, yaani AMCOS, kwa katibu unayemfahamu kwa sura. Kila mtu wa Lindi na Mtwara anajua kangomba anavyonunua korosho kichochoroni, kwa kipimo chake, nje ya ghala na nje ya mnada. Anayekutoa kwenye tovuti ya kununulia na kusema "tumalizane WhatsApp, lipa kwa namba hii" anafanya kazi ileile.

Mwenye kitochi hana Private DNS, na kusema kweli hahitaji. Hatari yake ni sauti na SMS: "ile hela tuma kwenye namba hii", au "mwalimu" wa bweni anayesema mtoto amelazwa na daktari anataka pesa sasa hivi. Hapo vifaa ni vingine. Kampuni za simu hukupigia kwa namba 100 tu. Anayejiita huduma kwa wateja kwa namba ndefu ya kawaida, kata. Anayedai amekosea kukutumia pesa, usiamini SMS, angalia salio kwa menyu yenyewe: *150*00# kwa M-Pesa, *150*01# kwa Mixx by Yas, *150*60# kwa Airtel Money, *150*88# kwa HaloPesa. Kama kweli alikosea, kampuni yake itairudisha bila wewe kubonyeza chochote. Piga pia *106# na namba yako ya NIDA yenye tarakimu 20, uone laini zilizosajiliwa kwa jina lako. Usiyoitambua, nenda dukani kwa kampuni husika ukaifute, maana utapeli utakaofanywa nayo utaanza kuulizwa kwako. Ujumbe wa kitapeli upeleke 15040, kisha namba iliyoutuma.

Kwa hesabu ya nyota: nne kati ya tano kwa simu janja inayotumia Chrome, nne na nusu kwa steshenari, mbili kwa anayeishi ndani ya Opera Mini na makundi ya Telegram. Nyota inayokosekana ni ya ule ukimya wake inapozuia.

Na kama ukurasa umekwishajazwa na pesa imeanza kutoka, Quad9 haina tena kazi, fuata saa. Piga benki wafunge kadi na akaunti, piga 100 kama pesa imepita kwenye simu na utaje namba ya muamala iliyo kwenye SMS, badilisha namba ya siri ukitumia simu nyingine kama uliwahi kusakinisha APK, kisha nenda kituo cha polisi uchukue RB. Sheria ya Makosa ya Mtandao ni ya mwaka 2015 na kesi yako inaangukia humo, lakini mpelelezi ataanza na kilichobaki kwenye simu, kwa hiyo usifute ujumbe, usifute linki, na usimpe fundi aisafishe simu kabla mpelelezi hajaiona.